Ndege ya kitambaa ikitua kisiwani: namna ya kuipokea na kuilaza

Juni moja, kipupwe kimeshaingia na kusi linavuma, ndege tatu za mabawa mawili zilitua Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, asubuhi zikiwa safarini kurudi Ulaya. Zilikuwa zikirejea kaskazini na kusi mgongoni, kama majahazi ya wazee wetu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kabari za kuzuia magurudumu. Nilikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini, nimeshapokea ndege za kila namna, basi nikaiendea ya mbele kwa mazoea, nikaweka viganja viwili kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la chini ili niisukume. Nikasikia "tak!"

Rubani, mzee wa umri wa babangu, hakunigombeza. Aliushika mkono wangu akaupitisha polepole juu ya kitambaa mpaka nikaugusa ubavu wa mbao uliokatika ndani, unacheza chini ya kidole kama mfupa wa kuku. Wenyewe haukuzidi unene wa kijiti cha mshikaki. Kisha akauchukua mkono uleule akauweka kwenye nguzo ya nje inayounganisha bawa la chini na la juu, chini kabisa inapoingia kwenye bawa, akanambia kwa Kiingereza cha taratibu kuwa hapo ndipo pa kushika. Jioni alikaa kitako chini ya bawa na wembe, gundi na kipande cha kitambaa, akautengeneza ubavu niliouvunja. Nilimshikia tochi mpaka adhana ya isha.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mtaani kwetu hunijia barazani wakiniuliza, "Ami, zikija tena tuzipokee vipi?" Haya nimeyaandika kwa ajili yao, na kwa yeyote wa Unguja au Pemba atakayepewa kazi ya kusimama kwenye majani na kuingojea ndege iliyomzidi babu yake umri.

Wenzetu wanavyokutana

Miezi yetu ya kipupwe ndiyo kiangazi cha Ulaya na Marekani, na ndipo wenye ndege za zamani wanapokutana. Wanakwenda mkutanoni kwa kuruka nazo, wanaziegesha kwenye majani, na wengi wanapiga hema chini ya bawa na kulala hapohapo. Mkutano mkubwa kuliko yote ni wa Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, kila mwezi wa Julai. Unaandaliwa na jumuiya ya EAA, yaani Experimental Aircraft Association, iliyoanzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953 (hii ni EAA ya kwao, si East African Airways yetu), na umekuwa ukifanyika Oshkosh tokea 1970. Kwa wiki ile hufika ndege zaidi ya 10,000.

Mimi kinachonivutia zaidi ya idadi ni upokeaji wao. Ndege zinapita juu ya kijiji kidogo kiitwacho Fisk, moja nyuma ya nyengine, na waongozaji wamekaa chini na darubini. Hawataki rubani ajibu redioni, maana wote wakijibu hapatasikika kitu. Wanaiita ndege kwa rangi na sura yake: wewe wa njano mwenye bawa juu, tikisa mabawa. Naye anatikisa, wamejua kuwa amesikia. Akishatua anapokewa na watu wa kujitolea: walimu, wakulima, wastaafu, kila mmoja amefundishwa pahala pake pa kusimama. Kazi hii mtu wa Makunduchi au wa Wete anaiweza vilevile akifundishwa.

Huko wamezigawa kwa umri. Zilizotengenezwa mpaka 31 Agosti 1945 zina daraja lake, ndizo kongwe. Za kuanzia Septemba 1945 mpaka mwisho wa 1955 zina lake, na za 1956 mpaka 1970 zina lake. Ukiujua mgao huu utamfurahisha rubani, kwani utamuuliza suala la maana badala ya kumuuliza bei.

Wala ndege hizi si wageni kwetu. Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Florence Kerr Wilson kule Nairobi mwaka 1929, ilikuwa na safari za mwambao zilizofika Unguja. East African Airways ilipoanza mwaka 1946 ilianza na Dragon Rapide sita, ndege za mbao na kitambaa zenye injini mbili na mabawa mawili. Babangu alibeba mizigo Kisauni siku za Dakota, na mimi mtoto nikimpelekea chakula nilikuwa nikishangaa kuiona ndege imeinua pua juu na mkia umekaa chini, abiria wakiingia wanapanda mlima ndani kwa ndani. Shirika lile lilikufa mwaka 1977. Harufu ya injini zile ninayo puani mpaka leo.

Upepo kwanza

Kama umewahi kuwa baharia wa ngalawa, nusu ya somo unayo tayari. Ngalawa ikifika pwani unashusha tanga. Ndege ya kitambaa tanga lake halishuki. Tiger Moth, ndege ya zamani ya Kiingereza ya kufundishia marubani, ikiwa tupu ina uzito wa kama kilo 500 tu, na mabawa yake yana upana wa karibu mita 9, tena yako mawili, moja juu ya jengine. Upepo ukiingia chini yake unataka kuinyanyua hata kama injini imezimwa na rubani yuko chooni.

Kwa hiyo kila jambo utakalolipanga lipange kwa upepo. Tundika kitambaa chepesi juu ya mti uwanjani siku tatu kabla, uutazame asubuhi, adhuhuri na alasiri, uandike. Wakati wa kipupwe kusi ndilo linalotawala, lakini asubuhi mapema mara nyingi huwa tulivu, na kuanzia adhuhuri upepo huzidi. Mwambie mgeni wako afike asubuhi. Jua likishapanda, hewa ya moto juu ya lami nayo inairusharusha ndege nyepesi kama mtumbwi kwenye mkondo.

Pahala pa kuegesha pawe wazi upande wa joshini, ili pua itazame upepo. Usiiweke nyuma ya jengo ukidhani unaikinga. Upepo ukipita kwenye kona ya jengo unazunguka, na unaipiga ndege kutoka nyuma, ambako haikuumbwa kupigwa.

Kabla haijafika

Ruhusa hazina njia ya mkato. Anga yetu inasimamiwa na TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na viwanja vya Unguja na Pemba viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Ndege ya nje inahitaji kibali kabla haijaondoka ilikotoka. Shughuli hiyo ni ya rubani na wakala wake; yako ni kuhakikisha kuwa jina lako na la wenzako yamo kwenye orodha ya watakaoingia ndani ya uwanja.

Halafu majani. Tiger Moth ya asili haina breki, na mkiani badala ya gurudumu ina kiatu cha chuma kinachoburuta chini. Kwenye majani kiatu kile kinashika na kuipunguza kasi. Kwenye lami kinateleza na kumnyang'anya rubani uongozi. Kwa hiyo hata ikitua kwenye lami, mwisho wa safari yake uwe kwenye majani.

Majani hayo yakague kwa miguu. Jipangeni watu kumi mstari mmoja, bega kwa bega, mtembee polepole kutoka ncha moja mpaka nyengine. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na jiwe moja lililochomoza kidole kimoja latosha kupasua mpira. Tazameni mashimo, visiki, vipande vya waya na vizibo vya soda. Majani yakatwe yasivuke kifundo cha mguu, na yaliyokatwa yaondolewe, kwani injini itayavuta.

Vitu vya kuwa navyo karibu: kabari za mbao jozi mbili kwa kila ndege, kamba, mitungi miwili ya kuzimia moto na mtu aliyewahi kuishika, ndoo ya mchanga, maji baridi ya kunywa. Rubani wa ndege isiyo na kioo cha kumfunika anashuka na midomo imekauka na masikio yanavuma. Mpe maji kabla hujampa maneno.

Inapokujia

Hapa usiharakishe kusoma.

Pua ya ndege yenye gurudumu la mkia iko juu, kwa hiyo ikiwa chini rubani haoni mbele. Mtu aliyesimama mbele ya pua, kwake hayupo. Ndiyo maana ikitembea uwanjani utaiona inapinda kushoto na kulia kama nyoka: anachungulia pembeni. Usidhani amepotea njia ukamkimbilia.

Tena uzito wa ndege hii uko nyuma ya magurudumu yake makubwa. Mkia ukishaanza kwenda upande, uzito wenyewe unausukuma uzidi kwenda, na ndege nzima inaweza kujizungusha kama pia mpaka ncha ya bawa ikagusa chini. Hilo hutokea hata kasi ikiwa imeshapungua na watazamaji wameshaanza kupiga makofi. Kaa mbali mpaka itembee kwa mwendo wa mtu.

Muongozaji asimame mbele lakini pembeni, upande ambao rubani ameshakubali kuuchungulia. Aghlabu ni kushoto. Mikono juu, wazi, ishara kubwa. Mikono ikipandishwa na kurudishwa nyuma kutoka viwikoni ni njoo. Mikono miwili ikipishana juu ya kichwa ni simama. Kiganja kikipita shingoni ni zima injini. Ishara hizi ni za dunia nzima, usibuni zako. Ukipotezana naye macho, pishanisha mikono juu ya kichwa na uibakishe hapo. Akisimama bure hakuna hasara.

Upepo ukiwa na nguvu, watu wawili wazoefu waende ncha za mabawa, mmoja kila upande, washike nguzo ya nje pale nilipooneshwa mimi, watembee nayo. Wanaingia kutokea nyuma na pembeni, na wanatoka kwa njia hiyohiyo. Mbele hakupitwi.

Mbele kuna propela, ambayo sisi Kisauni tulizoea kuiita panka. Panka ikizunguka haionekani, na ikisimama usiiamini. Cheche za injini hizi hutoka kwenye magneto, ambayo haihitaji betri. Swichi ya kuzima kazi yake ni kuunganisha waya wa magneto na mwili wa ndege ili cheche ipotee humo. Waya huo ukikatika, swichi inasema imezimwa na magneto iko hai, na mtu akiisukuma panka kwa mkono injini inaweza kushika. Usiiegemee, usiizungushe ili upige picha, usimtundike mtoto. Kuwasha kwa kuvuta panka kwa mkono ni kazi ya aliyefundishwa na rubani huyo, kwa ndege hiyo. Mimi miaka yangu yote sikuwahi kuivuta na sikuona unyonge.

Kabari ziwekwe panka ikiwa imesimama kabisa na rubani amekuitikia kwa kichwa. Mbele na nyuma ya magurudumu makubwa, usiuache upande mmoja.

Pa kushika, pa kugusa

Piga kitambaa cha bawa kwa ncha ya kidole, polepole, rubani akikuruhusu. Kitatoa sauti kama dufu lililowambwa vizuri. Na kweli kimewambwa: kitambaa kimevishwa juu ya mbavu za mbao kisha kikapakwa dawa inayokikaza. Za zamani ni kitani au pamba, za siku hizi nyingi zimevikwa kitambaa cha poliesta madhubuti zaidi, lakini usimpime mgeni. Dawa ile hushika moto kwa upesi wa kutisha. Asiyeweza kukaa saa moja bila sigara hafai kwa kazi hii.

Kusukuma ni kwa nguzo na kwa miguu ya magurudumu. Ukingo wa nyuma wa bawa, usukani wa mkia, waya zilizokazwa baina ya mabawa, hivyo havishikwi. Pa kukanyaga pamewekewa alama, na pasipo alama usikanyage. Pete, saa na funguo za kiunoni vueni kabla hamjakaribia.

Mafuta

Kuna jambo moja hapa linaloua watu, nami nilikaribia kulishuhudia.

Injini za panka za zamani zinakunywa petroli ya ndege. Karavani, zile ndege ndogo tunazopanda kwenda Pemba, na ndege kubwa zote, zinakunywa mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Ukiyatia mafuta ya jeti kwenye Tiger Moth, injini inaweza kuwaka vizuri kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, ikatembea, ikaruka, halafu ikafa ndege ikiwa juu ya minazi.

Siku ile ya ndege tatu, kijana mmoja aliletwa na pipa lisilo na maandishi. Alikuwa na haraka, na karatasi aliyopewa ilisema "mafuta ya ndege" basi. Nikamuomba tone moja. Nikachana ukurasa mweupe wa daftari la kumbukumbu, nikadondosha. Petroli ya ndege hukauka kwenye karatasi isiache kitu. Tone lile lilitanda, likakaa, likaacha duara la ung'avu wa mafuta kama karatasi iliyofungiwa bagia. Tukalirudisha pipa. Karatasi ile niliihifadhi kwenye daftari miaka mingi, nikiwaonesha wanagenzi.

Basi fanya vitatu: tazama rangi, nusa, dondosha. Petroli ya ndege inayotumika zaidi hutiwa rangi ya buluu, na ina harufu kali ya petroli. Ya jeti haina rangi au ina umanjano kidogo, na inanuka kama kandili. Usiahidi mafuta kabla hujaliona pipa kwa macho yako, kwani huenda likalazimika kuagizwa kwa meli siku nyingi kabla.

Kabla ya kumimina, unganisha pipa, pampu na ndege kwa waya, ili umeme wa msuguano usiruke cheche. Usitumie madumu ya plastiki ya mafuta ya kula, hata kama ni masafi, kwa sababu hiyohiyo. Chuja maji kwa kichujio au kwa ngozi laini ya kuchujia. Kwenye Tiger Moth tangi liko juu, katikati ya bawa la juu, linachukua kama lita 86, na kipimo chake ni kijiti chenye boya ndani ya kioo, kama chelezo cha mshipi. Rubani ndiye atakayepanda na kumimina. Wewe mpe mpira na ushike mtungi wa moto.

Mafuta ya kulainishia injini muulize aina yake kwa maandishi. Mafuta ya gari usimpe hata akiwa ameishiwa. Na injini zenye silinda zilizopangwa duara kama miale ya jua zitadondosha mafuta tu; weka sinia chini, usiwaze kuwa imeharibika.

Watu

Funga kamba mita 30 kutoka pua, na nyuma ya mkia hakikisha pako wazi, maana panka inavuta mbele na kurusha nyuma. Mtandio, kanga iliyotupwa begani, kofia, mfuko wa karatasi, vyote vinaweza kuvutwa. Waambie watu wafunge vizuri kabla injini haijawashwa, na usimtegemee askari peke yake. Mtafute mama mmoja anayesikilizwa mtaani, asimame kwenye kamba. Neno lake moja kwa watoto linafanya kazi kuliko filimbi kumi.

Watoto wapewe nafasi ya kukaa kwenye kiti, injini ikiwa imepoa, mmoja mmoja, rubani akiwa amesimama karibu. Naamini katika hili kwa moyo wangu wote. Lakini wavue viatu wapigwe mchanga nje, na mifuko itolewe kila kitu. Sarafu moja ikianguka chini ya kiti inaweza kukwama kwenye fimbo za usukani na kumzuia rubani angani.

Siku ya Ijumaa injini zisiwashwe kuanzia khutba mpaka sala imekwisha. Droni haziruki bila kibali, mwisho wa maneno.

Kuilaza

Mgeni akilala, ndege ni amana yako.

Vigingi havitaingia kwenye mwamba wetu, na vikiingia vinne utakuwa umevunja nyundo mbili. Tumia mapipa ya lita 200 yaliyojaa maji, kila moja ni kilo 200 na zaidi. Moja chini ya kila bawa, moja mkiani. Funga kamba kwenye pete alizokuonesha rubani, usifunge kwenye nguzo. Kamba ya katani ikilowa hukaza, kwa hiyo iachie ulegevu kidogo, upana wa vidole viwili, ikinyesha usiku isije ikaivuta ndege. Usukani ufungwe usichezecheze na upepo, na hilo rubani atalifanya mwenyewe kwa mkanda wa kiti. Kabari zibaki.

Ziba matundu yote. Nyigu wa udongo anajenga nyumba ndani ya kijibomba cha kupimia kasi, na rubani akiruka hivyo kipimo kinamdanganya. Kunguru wetu, hawa walioletwa kutoka Bara Hindi mwisho wa karne ya 19, hudonoa na kuiba kitu chochote kinachong'aa au kilicholegea. Mbuzi hujikuna kwenye mkia. Weka mlinzi mwenye tochi na thermosi ya chai, na umwambie awaangalie mbuzi kwanza.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa kisiwani. Jioni futa vyuma na waya kwa kitambaa kilicholowa maji matamu. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi, kwa hiyo yaonje maji kabla hujayatumia. Ukiona ulimi unaona munyu, tafuta mengine. Usipige mpira wa maji. Ndege za mbao za zamani nyingine ziliunganishwa kwa gundi iliyotokana na maziwa, na unyevu ukikaa kwenye maungio gundi hiyo inaoza. Asubuhi umande ufutwe kwa kitambaa kikavu, kuanzia juu kwenda chini, bila kukandamiza.

Inapoondoka

Amka kabla ya rubani. Zungukeni naye mkihesabu vifuniko mlivyotoa. Mkiweka sita jana, sita viwe mikononi leo. Ikiwa injini ni ya silinda za duara, ataizungusha panka kwa mkono taratibu kabla ya kuwasha, kwa sababu usiku mafuta hushuka yakajaza silinda za chini. Ikigoma kuzunguka asilazimishwe mtu kusaidia kwa nguvu. Plagi za silinda za chini zitafunguliwa mafuta yamwagike, na safari itachelewa. Mletee kiti.

Ondoa kabari anapokuitikia, toka kwa nyuma na pembeni, simama pale anapokuona.

Kutoka Kisauni mpaka Wawi, kiwanja cha Pemba, ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ya njia ni bahari. Tiger Moth inayokwenda kilomita 130 kwa saa itachukua saa moja hivi, na kusi likiwa nyuma ni chini ya hapo. Inapopotea machoni piga simu Wawi. Wape saa iliyoondoka, rangi, idadi ya watu, na mafuta yaliyomo ni ya saa ngapi: imeruka saa 1 na dakika 10, njano, watu wawili, mafuta ya saa tatu kasorobo. Kisha kaa hapohapo kwenye majani na simu mkononi, usimruhusu mtu akuchukulie, mpaka wakupigie kuwa imetua.